Dama Tsuma na Makaa Yaliyokataa Moto

Watu wa bara ya Kinango walimjua Dama kwa shimo la babake kabla hawajamjua kwa jina lake. Babake, mzee Tsuma, alikuwa mfugaji wa Kiduruma mwenye ng'ombe wengi kuliko maji ya kuwanywesha, na kiangazi kimoja kilipozidi aliamua kuchimba kisima nyuma ya boma lake. Alichimba yeye na nduguze mpaka kamba ya ndoo ikawa fupi. Maji hawakuyaona. Walichokipata ni jiwe jeusi, laini, lililomeguka kwa ukucha kama udongo mkavu, limelala chini kule kama mkeka uliotandikwa ukasahauliwa. Mmoja wa nduguze akasema hayo ni makaa ya mawe, nao wakafurahi, kwa kuwa aliyetafuta maji akapata makaa hakurudi mikono mitupu.

Furaha hiyo ilikomea jikoni. Mamake Dama aliyawasha makaa yale chini ya chungu cha sima, moshi ukajaa nyumba nzima, ukawatoa watu nje wakikohoa, na ulipokwisha moshi, maji yalikuwa bado hayajachemka. Majivu aliyoyazoa yalikaribia kuwa mengi kama makaa aliyoyatia. Akarudia kuni zake. Basi maneno yakaenea kutoka mji hadi mji kwamba Tsuma alichimba maji akapata masizi, na shuleni watoto wakampa Dama jina hilo hilo, Masizi. Alipigana kwa ajili ya jina hilo mara kadhaa, na si kila mara alishinda.

Baadaye walikuja wataalamu kutoka Nairobi na mashine ya kutoboa ardhi. Walikaa siku chache, wakachukua vipande vya jiwe wakavitia kwenye mifuko, kisha wakamwambia mzee ukweli bila kumzungusha: ni makaa ya mawe kweli, lakini ya daraja la chini. Yana unyevu mwingi, yana majivu mengi, na tabaka lenyewe ni jembamba. Kwa moto hayafai. Hawakuwa wamekosea. Walipoondoka, mzee Tsuma alikata matawi ya miiba akalifunika shimo, mbuzi wasitumbukie, na tangu siku hiyo hakupenda litajwe mbele yake.

Dama alikua mrefu, mkaidi, mwenye mkono mtulivu. Akasomea kazi ya maabara Mombasa, na alipohitimu aliandikwa kazi kwenye mgodi wa mchanga mweusi bara ya Msambweni. Kazi yake ilikuwa kupima: mchanga huu una chuma kiasi gani, huu una titani kiasi gani, huu una uchafu gani. Wenzake wengi waliiona kazi kavu. Yeye aliipenda, kwa sababu mbele ya mizani kila kitu hulazimika kusema ukweli wake. Miaka ikaenda, mchanga ukaisha, mgodi ukafungwa. Waliokuwa wafanyakazi wakatawanyika, wengine hadi nchi za nje. Dama alipata nafasi katika chuo cha ufundi kisicho mbali na Msambweni, akawa mtunza maabara.

Huko ndiko alikokutana na mwalimu Kimeu. Kimeu alifundisha kemia. Alikuwa mtoto wa Wakamba waliohamia Shimba Hills zamani walipogaiwa mashamba, na alikuwa na tabia ya kuongea mbio huku akichanganya Kiswahili na Kiingereza, hata Dama akazoea kumwambia achague kimoja ndipo amjibu. Siku moja walikuwa wakiosha vyombo baada ya somo, Kimeu akataja makaa ya mawe ya Kitui, kwa babu zake, na maneno mengi yaliyosemwa juu yake miaka yote hiyo. Dama akajikuta anamsimulia habari za shimo la babake. Hakuwa amemsimulia mtu yeyote tangu aondoke nyumbani.

Kimeu hakucheka. Aliuliza kama jiwe lile humeguka, kama vumbi lake ni la kahawia au jeusi kabisa, kama likikaa juani hupasuka. Dama alipomjibu yote, mwalimu alifuta mikono akaketi.

“Dada Dama, makaa hayo hayajaiva,” akasema. “Ardhi iliyapika ikaachia katikati. Anayetafuta moto atayaona mabaya kwa sababu hiyo hiyo. Lakini anayetafuta kemikali, kwake hiyo ndiyo sifa.”

Akamweleza. Makaa yaliyoiva yamefungana, ni magumu kuyafungua. Yale machanga bado yanakumbuka miti na majani yaliyoyazaa, na vifungo vyake ni dhaifu. Ukiyatia motoni, oksijeni huyavamia kwa pupa na kuyala yote, ikakuachia moshi na majivu. Lakini ukimwingiza huyo mlaji kidogo kidogo, ndani ya maji, kwa joto la wastani, na ukaweka kichocheo cha kumwonyesha pa kuuma, fundo lile kubwa hufunguka vipande vipande. Kwanza hutoka asidi za mboji, zile zile zinazoufanya udongo wa msituni kuwa mweusi na kushika maji. Ukiendelea kwa uangalifu hutoka asidi ndogo zaidi, kama ile ya oksaliki ambayo madobi hutumia kutolea kutu kwenye nguo.

Dama alifikiri kidogo. “Kwa hivyo ni kuunguza bila moto.”

“Ni kuunguza kwa adabu,” Kimeu akamjibu.

Mwisho wa juma Dama akaenda nyumbani. Alimkuta mzee Tsuma amekaa kizingitini anasokota kamba, akamwamkia, akasubiri wazungumze ya mifugo na mvua, ndipo akaingiza lake. Mzee alisimamisha kusokota.

“Nimekusomesha miaka yote hiyo,” akasema, “urudi kuniomba masizi?”

“Umenisomesha, baba, ndiyo maana nimejua kwamba si masizi.”

Mzee aliendelea na kamba yake mpaka ikafika mwisho, akaifunga fundo. Kisha akainuka, akachukua panga, akaenda nyuma ya boma kuondoa miiba kwa mkono wake mwenyewe. Dama alirudi Msambweni na magunia mawili ya jiwe jeusi, na kila abiria aliyeuliza ni nini alimjibu kwa jina lake kamili: makaa ya mawe ya kwetu.

Kazi ya mwanzo iliwashinda. Walilisaga jiwe, wakalichanganya na maji, wakatia haidrojeni peroksaidi, dawa ile ile inayotumiwa katika mahoteli ya Diani kung'arishia mashuka, kwa kuwa hiyo hutoa oksijeni bila kuhitaji moto. Kichocheo kilikuwa chumvi ya chuma ya dukani. Mchanganyiko ulipata joto wenyewe, ukafura, ukatoa mapovu, na ulipotulia wakakuta maji machafu yaliyochacha na karibu makaa yote yamegeuka hewa. Walikuwa wameyaunguza vile vile, ila ndani ya chupa. Kimeu alidhani dawa ilikuwa haba. Dama alidhani imezidi. Wakabishana, wakajaribu kwa njia ya mwalimu, na safari hiyo povu likaruka kutoka kwenye chombo likamwangukia Dama mkononi.

Ngozi yake iligeuka nyeupe pe, ikamchoma kama upupu uliotiwa moto. Alisimama chini ya bomba la maji hadi maumivu yakapungua, na Kimeu amesimama kando yake. Mkuu wa chuo alipopata habari aliisimamisha kazi ile. Alisema maneno ya haki: maabara ya wanafunzi si mahali pa kubahatisha. Kimeu alikubali kosa lilikuwa lake, na kwa muda akawa hataki hata kuligusa gunia.

Aliyemrudisha Kimeu kwenye kazi ile ni Dama. Aliingia ofisini kwa mkuu wa chuo mkono wake ungali umefungwa bandeji, akamweleza namna anavyotaka kazi ifanywe: nje ya darasa, kwenye kibanda chenye upepo, glavu na miwani kwa kila mtu, chombo kikae ndani ya beseni la maji baridi, na dawa iliyozimuliwa kwa maji idondoke tone kwa tone. Hakuomba huruma. Mkuu wa chuo alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza maswali yake, akatoa ruhusa.

Tone kwa tone ndilo lililowafungulia mlango. Joto halikupanda, povu halikuruka, na maji yakaanza kuwa ya rangi ya kahawa. Lakini lilibaki tatizo jingine. Ile chumvi ya chuma iliyeyuka ikachanganyika na kila kitu, ikakataa kutoka. Kimeu alisoma usiku na mchana, akaja na wazo kwamba wanahitaji kichocheo kisichoyeyuka, chembe ngumu yenye chuma ambayo itafanya kazi yake kisha iokotwe. Akaorodhesha vitu vya kuagiza kutoka ng'ambo. Dama alipoona maneno chuma na titani pamoja alitoka, akarudi na kopo la mchanga mweusi kutoka kwenye kijito cha jirani, ule unaobaki chini mvua ikishakata.

Kimeu akaumimina kiganjani, akausogezea sumaku, chembe zikasimama. Alicheka mpaka akakaa chini. Alikuwa amefundisha kemia miaka mingi huku akiukanyaga mchanga huo kila asubuhi, na Dama alikuwa ameupima miaka mingi asijue kama una kazi hiyo. Kazi ilihitaji watu wawili, na wote wawili walilijua hilo.

Mchanga uliooshwa na kukaushwa ulifanya kazi polepole kuliko chumvi, na hiyo ndiyo iliyokuwa heri yake. Siku waliyomaliza mzunguko wa kwanza ulio kamili, walichuja mchanga wakauweka kando utumike tena. Maji yale ya kahawa wakayatia asidi kidogo, na machicha meusi, mazito, yakaanza kushuka chini kama wingu linalotua. Hizo ndizo asidi za mboji. Maji yaliyobaki juu waliyavukiza taratibu, wakaona ukingoni mwa bakuli fuwele ndogo zinaota. Waliziyeyusha wakaziotesha upya, na tena, mpaka zikawa nyeupe. Dama alizitazama kwa muda mrefu. Kitu cheupe kama chumvi kilikuwa kimetoka kwenye jiwe ambalo kila mtu alimwambia ni masizi. Alijihisi amekua kimo, na hakuona haja ya kumficha mtu furaha yake.

Kuona hakumtoshi mpimaji. Fuwele alizipeleka Diani kwa Cynthia, msichana kutoka bara aliyesimamia chumba cha kufulia cha hoteli moja, akamwonya kwamba ni sumu na zisiguswe bila glavu. Cynthia alichukua kitambaa cha meza chenye doa la kutu lililokaidi kila sabuni, akakiloweka, na mara doa likaanza kufifia mbele ya macho yao.

“Hii ni noma, madam,” akasema. “Mmeitoa wapi?”

“Kwa baba yangu,” Dama akajibu.

Zile asidi za mboji zilikuwa na safari ndefu zaidi. Kwanza alizipeleka Mombasa zikapimwe kama zina metali za sumu, kwa sababu jiwe la ardhini haliaminiki mpaka lipimwe. Jibu lilipokuja kwamba ni salama, alizichanganya na potashi zikayeyuka zikawa maji meusi ya kutia shambani, akaenda nayo Gazi kwa bi Mwanapili.

Bi Mwanapili alikuwa mama wa Kidigo, mtu mzima, aliyefanya kazi na akina mama wenzake wa kupanda mikoko, na nyuma ya nyumba yake alikuwa na kishamba cha mchicha na bamia kwenye mchanga mtupu. Maji aliyotia asubuhi yalikuwa hayaonekani tena ifikapo adhuhuri. Dama alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaeleza nia yake. Bi Mwanapili aliyanusa yale maji meusi, akasema atatoa matuta mawili tu, yaliyo mbali na nyumba, na kwamba akipata hasara Dama atakuja kumlimia.

Hasara ilikuja. Dama alikuwa ameyaweka makali, na miche ikanyauka ncha zikawa kama zilizopitiwa na moto. Bi Mwanapili hakumpigia kelele. Alimwonyesha tu matuta, kisha akamwonyesha jembe. Dama alivua viatu akalima asubuhi nzima, jua likimpiga mgongoni, na bi Mwanapili akamletea maji ya madafu akaketi kumtazama.

“Kazi ya mboji ni subira, mwanangu,” akamwambia alipomaliza. “Wewe umenipa ya mwaka mzima kwa siku moja. Punguza, urudi tena, inshallah.”

Dama alirudi na maji yaliyozimuliwa mara nyingi, hata rangi yake ikawa ya chai ya rangi. Akatia kidogo, akarudia baada ya juma, na tena. Akina mama wa mikoko walipita wakiangalia kwa udadisi. Kidogo kidogo matuta yale mawili yakaanza kujitenga na mengine. Mchanga wake ulikuwa umeshikana, ukiuchimba kwa kidole jioni unakuta ubaridi wa maji ya asubuhi. Mchicha ukatoa majani mapana ya kijani kibichi. Bi Mwanapili alichuma wa kwanza akampikia Dama kwa tui la nazi, akamlisha mpaka akaomba radhi. Halafu akasema matuta yaliyobaki nayo yatiwe, na jirani zake wawili wameshamwomba.

Habari zikafika Kinango kabla ya Dama mwenyewe kufika. Alipokwenda na Kimeu kuwaeleza watu wa kwao, alikuta kikao kimekwisha kujaa. Kulikuwa na mfanyabiashara aliyekuwa amepita kabla yao, akitaka kuyachukua makaa yote kwa malori akachomee tanuri, na wazee wengine walikuwa wamevutiwa. Dama alisimama akasema anayoyajua: makaa haya yakichomwa yatatoa moshi ule ule uliowatoa watu ndani ya nyumba ya mamake, na tabaka ni jembamba, litakwisha upesi na kuwaachia mashimo. Yakitumiwa kwa njia ya pili, gunia moja linatia mboji kwenye mashamba mengi. Hakuahidi utajiri. Aliwaambia pia kwamba dawa ya peroksaidi ni ghali, na kwamba mwalimu Kimeu anatengeneza chombo cha chuma cha kutumia hewa ya pampu badala yake, ambacho bado hakijawa tayari.

Aliyefuata kusimama ni mzee Tsuma. Dama alikuwa hajapata kumsikia babake akilitaja shimo mbele za watu. Mzee aliegemea fimbo yake.

“Jiwe liko kwangu,” akasema. “Mlilicheka nami nikalifunika. Huyu hakulicheka wala hakulifunika, alikwenda akaliuliza lina nini. Mimi namsikiliza yeye.”

Akaketi. Kikao kiliendelea hadi alasiri, watu wakauliza maswali ya maana na mengine ya ubishi, na mwisho wakakubaliana makaa yasiuzwe kwa malori. Walitenga kipande cha ardhi kwa karakana. Chombo cha Kimeu, kilichochomelewa Ukunda na mafundi waliodhani ni cha kupikia pilau ya harusi, kilifungwa pale baada ya kuvuja mara mbili na kurekebishwa. Hufanya kazi polepole, kwa joto lisilozidi la chai inayohifadhiwa kwenye chupa, hewa ikipita ndani ya maji meusi na mchanga wa kijitoni ukizunguka humo. Wageni wakija, mzee Tsuma ndiye huwazungusha. Huwaeleza habari za oksijeni kwa Kiduruma, akiifananisha na mgeni mwenye njaa ambaye ni lazima apakuliwe kidogo kidogo, na Kimeu huapa kwamba hajapata kusikia somo hilo likifundishwa vizuri hivyo.

Dama sasa hukaa nusu ya juma Msambweni chuoni na nusu ya juma Kinango. Akina mama wa kijijini amewafundisha kusaga, kuchuja na kupima ukali, na hamruhusu yeyote kuingia karakana bila miwani, awe babake au chifu. Mkono wake una kovu jeupe ambalo huwaonyesha wanafunzi siku ya kwanza, kisha halitaji tena.

Juzi Cynthia alipiga simu kutoka Diani. Hoteli ilikuwa na wageni wengi, fuwele za kutolea kutu zilikuwa zimemwishia, naye aliomba ziletwe siku hiyo hiyo. Dama alikuwa na kopo zima, limekauka, limefungwa. Alilifungua, akachota kidogo, akapima. Zilikuwa na rangi ya njano kwa mbali, kiasi ambacho mtu mwingine asingekiona. Akamwambia Cynthia zitafika kesho kutwa. Cynthia akalalamika kwamba hakuna atakayejua tofauti.

“Mimi ninajua,” Dama akamwambia kwa upole, “na jina lililoandikwa kwenye kopo ni la kwetu.”

Akakata simu, akavaa glavu, akazimimina fuwele zote kwenye maji ya moto ziyeyuke upya.